Pumzi Ndani ya Mtutu

Kilizidi kipande kimoja.

Kikipungua kipande, kila fundi anajua la kufanya: anapiga magoti, anawasha tochi, anapapasa chini ya meza huku akiulaani ukoo mzima wa springi. Lakini kikizidi? Taratibu alianza kufungua na kufunga bastola kabla ndevu hazijamwota, na hajapata kuona hata siku moja bastola ikarudishwa yote, ikakaa sawasawa, ikavutwa ikaitika vizuri, halafu juu ya kitambaa cheupe kikabaki kitu.

Kilikuwa kipande cha sindano nene, ile ya kushonea magodoro, kimekatwa na kuzungushiwa uzi mwekundu uliokauka kwa kitu cheusi. Hakikuwa mali ya bastola ile wala ya bastola yoyote duniani. Taratibu alikigeuza kwa ncha ya koleo, akakinusa, akakunja uso. Kilinuka mdomo wa mgonjwa aliyelala kutwa bila kunywa maji. Akakitupia kwenye kopo la pini na skrubu kuukuu, maana fundi hatupi kitu, akaendelea na kazi zake.

Sasa ngoja niwaeleze kazi yenyewe, la sivyo mtaniona mzushi.

Baba yake Taratibu alikuwa fundi wa silaha, na alikuwa na wanawe wawili tu wa kiume. Aliwafundisha wote sheria zile zile. Silaha ikivuka mlango ina risasi, hata mwenyewe akikuapia kwa kaburi la mama yake. Toa magazini, vuta nyuma, chungulia kwa jicho, kisha papasa kwa kidole, maana jicho huongopa. Vipande unavilaza juu ya kitambaa cheupe kuanzia kushoto kwenda kulia, kwa jinsi vinavyotoka, na kilichotoka mwisho ndicho kinarudi kwanza. Nyundo iwe ya shaba, isije ikaacha alama. Na chuma hakilazimishwi. Kikikataa kuingia, ujue wewe ndiye uliyekosea, si chuma.

Juu ya hayo mzee alikuwa na lake la peke yake, ambalo mafundi wengine walikuwa wakimcheka: mtutu ukishasafishwa, aliuweka mdomoni na kuupuliza. Ukiwa safi unatoa mlio mmoja mwembamba, fyuuu, na yeye anatabasamu. "Umeimba," anasema. Wanawe waliiga. Kwa mafundi wote wa mji ule, waliokuwa wakipuliza mtutu ni watu wa nyumba ile tu, na mzee alipofariki wakabaki wawili.

Mdogo ndiye aliyerithi karakana, na jina la Taratibu alipewa na mzee kwa kuwa hakuwahi kuvunja kitu. Mkubwa alikuwa na mkono wa haraka. Springi zilimrukia usoni, moja ikamwachia kovu kidevuni, na mwisho akaenda kuwa mkuu wa walinzi kwenye kampuni fulani. Watu walimwita Afande, ingawa jeshi alilionea kwenye gwaride tu. Ndugu hawa walipendana. Walitaniana, walikopeshana mashati, na mke wa Afande alipomwacha na binti mdogo akaenda zake, ni Taratibu na mkewe waliokuwa wakimlea yule mtoto kila babake alipokuwa zamu. Mtoto mwenyewe alikuwa akiitwa Kadogo. Wao hawakujaliwa wa kwao, na walimpenda kama waliyemzaa.

Basi bastola ile aliileta Afande.

Aliileta imeviringishwa taulo, akaiweka mezani, akafuta mikono kwenye suruali.

"Isafishe, mdogo wangu. Ifungue yote, usiache hata pini."

"Hii si yako?" Taratibu akauliza. "Umeshindwa nini kuifungua mwenyewe? Au mkuu wa walinzi siku hizi anaogopa mafuta?"

"Mimi na haraka zangu nitaivunja bure. Wewe una mkono wa mzee."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Wala hakuketi. Wakati Taratibu akiifungua, akitoa magazini, akichungulia, akipapasa, akilaza vipande kimoja kimoja, Afande alisimama nje ya kizingiti na kiganja kimefunika mdomo, kama mtu anayesubiri jipu la mwenzake litumbuliwe.

Taratibu aliupitisha mtutu brashi, akauelekeza dirishani achungulie. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, na mtutu safi huonyesha duara jeupe mwisho wake. Yeye aliona duara jeusi lenye unyevu, likafumba, likafumbua. Akapangusa jicho. Alipotazama tena palikuwa na giza tu, kama penye kizibo. Akauweka mdomoni akapuliza kwa nguvu. Kitu kidogo kikatoka upande wa pili kikagonga meza, mtutu ukalia fyuuu, na kabla hajautoa mdomoni, pumzi ikamrudia. Pumzi ya moto, yenye harufu, iliyoingia kooni mwake ikashuka na kutulia kifuani.

"Umeimba?" Afande aliuliza pale nje.

"Umeimba," Taratibu akajibu, akakohoa.

Afande akashusha kiganja. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akasema vumbi, akasema ana zamu, akasema atapita kuichukua bastola siku nyingine, akaondoka bila hata kunywa maji. Taratibu akaifunga bastola, akaona kipande kimezidi. Nimekwisha waambia alichokifanya nacho.

Sauti ilianza kumpotea siku ile ile. Kwanza ikakwaruza, mkewe akampikia tangawizi. Kisha ikawa kama ya redio yenye betri mbovu. Mkewe, ambaye yeye alimwita Bibie na hakuwahi kumwita kingine, akamtania kwamba amekuwa bwana harusi tena, anaongea kwa kunong'ona. Hadi mwisho wa juma hakukuwa hata na mnong'ono. Alifungua mdomo, ulimi ukazunguka, midomo ikafanya kazi yake, na kilichotoka ni hewa baridi. Hospitali walimmulika kooni, wakasema koo zima, wakampa vidonge.

Karakana yake ilikuwa ghorofa ya tatu kwenye jengo kuukuu, mwisho wa korido ndefu yenye vyumba vya mafundi saa na cherehani. Mbele kidogo ya mlango wake, ndani ya kichochoro kifupi, palikuwa na lifti iliyokufa zamani. Kijumba chake kilishang'olewa kikauzwa chuma chakavu, likabaki shimo linaloshuka hadi chini, na mwenye nyumba, kwa ubahili wake, alikuwa ameziba mlango kwa ubao mmoja uliopigiliwa misumari miwili. Wapangaji walishazoea kupita mbali nao.

Siku moja mkewe alimletea chakula cha mchana. Mafundi wengine walikuwa wamekwenda kula, korido ikiwa kimya, jua likiingia kwa madirisha ya juu. Alikuwa ameshakaribia mlango wa karakana aliposikia akiitwa kwa nyuma.

"Bibie! Njoo huku."

Sauti ya mumewe. Ile ya zamani, nzima, yenye kicheko chini yake. Moyo wa mwanamke uliruka kwa furaha. Akageuka, akaenda, akiita, "Uko wapi? Umepona?" na ile sauti ikamwongoza kwa upole, huku, Bibie, hapa hapa, nina jambo nataka kukuonyesha, usikawie, njoo nikuonyeshe, na yeye akienda huku anacheka, mkono mmoja umebeba kontena la chakula na mwingine unapapasa ukuta kwa kuwa mle kichochoroni mlikuwa na giza ambalo dakika moja iliyopita halikuwepo, na katika giza lile kulikuwa na harufu ya mdomo wa mgonjwa, na ubao haukuwa mahali pake, na unyayo wake ulishainuka.

Ngo! Ngo! Ngo!

Nyuma yake Taratibu alikuwa ametoka mlangoni akigonga nyundo kwenye bomba la ukutani, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, bila sauti. Bibie akashtuka, kontena likamponyoka. Alilisikia likianguka muda mrefu.

Walirudi ndani wakafunga mlango, wakashikana. Taratibu akachukua chaki aliyokuwa akiwekea alama kwenye chuma, akaandika mezani: UMESIKIA NINI?

"Wewe," mkewe akasema. "Nimekusikia wewe."

Wakakubaliana hapo hapo. Yeye hana sauti, kwa hiyo sauti yake ikimwita, si yeye. Akitaka kumzuia atagonga chuma. Akisikia nyundo, asimame palipo na mguu wake.

Bibie alikuwa mwanamke wa kutumia kichwa. Alimwaga lile kopo, akatoa kile kipande cha sindano ambacho mumewe alimwandikia habari zake kwa chaki, akautambua uzi ule mwekundu wa kushonea magodoro. Mtaa wa pili alikuwepo mama mmoja mshona magodoro, mkali kama siki, ambaye watu walimfuata kwa magodoro mchana kweupe na kwa mambo mengine kwa mlango wa nyuma. Wakaenda kwa mlango wa nyuma.

Mshona magodoro alikuwa amekaa katikati ya pamba, miguu kainyoosha, sindano mdomoni. Alipokiona kile kipande akaitema sindano yake.

"Nani kakichomoa?"

"Hakikuchomolewa," Bibie akasema. "Kilitoka chenyewe, mume wangu alipopuliza mtutu."

"Alipo-nini? Akapuliza?" Mama akamtazama Taratibu kuanzia juu hadi chini. "Wa pili huyu! Mimi nimeshona magodoro ya watu wa kila aina, sijaona mafundi wa kutia midomo yao kwenye bunduki isipokuwa nyinyi wawili. Mmetoka tumbo moja?"

"Huyo wa kwanza," Bibie akauliza polepole, "alikuwaje?"

"Pande la mtu. Kovu hapa." Akajigusa kidevu. "Anatembea kama ana medali. Aliinunua bastola kwa bei ya kutupa kwa mtu aliyekuwa anahama mji, akaisafisha, akaipuliza, sauti ikaondoka. Jini aliyemo ndani ya chuma kile akamwita binti yake kwa sauti hiyo hadi ukingoni mwa paa. Jirani alimdaka mtoto kwa gauni. Hapo ndipo akanijia analia. Nikamwambia apulize tena arudishe pumzi ya yule mwenzetu kwenye chuma, nikamfungia kwa sindano hii. Nikamwambia, kaa nayo, usiifungue, usimpe mtu. Akasema, mama, bado naisikia kabatini inamwita mwanangu. Nikamwambia itanong'ona tu, haitoki. Akaniuliza, na mtu mwingine akiipuliza je?" Akajipiga mdomo kwa kiganja. "Nami kwa domo langu hili nikamjibu: mwingine akiipuliza, basi ni wake."

Taratibu alikaa chini juu ya pamba. Hakuna aliyemwambia akae. Aliliona taulo, akaiona ile mikono ikifutwa kwenye suruali, akamwona kaka yake nje ya kizingiti akisubiri. *Umeimba?* Watu husema meno ya mbwa hayaumani. Watu husema mengi. Tena husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hapo ndipo uchungu ulipokuwa: angepewa bastola ile na mtu baki, mtu baki asingejua kwamba yeye atapuliza. Ilihitaji mtu aliyekaa naye meza moja, chini ya baba mmoja, aijue desturi ile ndogo ya kipuuzi na kuitumia kama ufunguo. Alitaka kulia kwa sauti, akakumbuka kwamba hana.

"Atafungwa tena?" Bibie akauliza.

"Atafungwa, kwa kufuli lake lile lile, mimi sina lingine. Nisikilizeni vizuri, sirudii. Bastola ifunguliwe pale pale ilipofunguliwa. Huyu apulize, sindano iingie, ifungwe bila kuvunja wala kukwaruza kitu, kikikwaruzika chuma ametoka. Halafu mwenye mali aipokee kwa mkono wake na aseme ni yangu. Atarudi kwa huyo kaka yenu, akae naye kabatini kama nilivyomwagiza." Akainua kidole. "Na ombeni asife mtu. Sauti ya aliye hai hurudishwa kwa pumzi yake. Anayemwitikia na kumfuata, jini humchukua roho na sauti, na sauti ya mwanzo humrudia mwenyewe. Lakini sauti ya maiti nani ataipuliza? Hiyo atazunguka nayo."

Bibie alimpigia Afande simu hapo hapo, na hakumficha kitu.

Afande alikuja karakana alasiri ile ile, amevaa sare. Hakukana. Aliingia, akamwona mdogo wake kimya nyuma ya meza, akavua kofia, akapiga magoti kwenye vumbi la chuma.

"Ningefanyaje?" alisema. "Kila jioni nikifungua kabati namsikia anaita, Kadogo, Kadogo, kwa sauti yangu mimi. Mtoto anauliza, baba, mbona unaniita na uko hapa? Ningefanyaje, mdogo wangu? Nikawaza nani. Nikawaza wewe huna mtoto. Nikaona kwako hana wa kumwita."

Taratibu alichukua chaki. Aliikandamiza mezani hadi ikakatika. Akaandika kwa kile kipande kilichobaki: NINA MKE.

Afande aliyasoma yale maneno, akashindwa kuinua uso. Bibie alikuwa amegeukia dirishani. Alilia, Afande, kilio cha mtu mzima kisicho na haya, akaomba radhi kwa jina la mzee, akasema ataipokea bastola, atasema ni yangu, na litakalokuwa liwe. Na Taratibu, kwa moyo wake ule mpumbavu, alizunguka meza akamwinua, wakakumbatiana. Alidhani yamekwisha.

"Sindano iko wapi?" Afande aliuliza, akifuta kamasi.

"Nimeirudisha kwenye kopo lile," Bibie akasema. Akamweleza na habari ya nyundo: akisikia chuma kinagongwa, asimame pale pale, asimfuate mtu.

"Nimekuelewa, shemeji. Sasa nakuomba nenda nyumbani kwangu ukakae na Kadogo. Leo sitaki awe peke yake."

Bibie akaenda. Taratibu akatandika kitambaa cheupe, akanawa mikono, akainama kukagua nyundo ya shaba. Nyuma yake kopo liligongagonga kidogo, yeye asitazame. Ya nini? Ni kaka.

"Nakwenda msalani mara moja," Afande akasema. "Wewe anza."

Akaanza. Akatoa magazini. Akavuta, akachungulia, akapapasa. Akateremsha sehemu ya juu, akatoa springi na kijiti chake, akatoa mtutu, akavilaza kushoto kwenda kulia. Chuma kilikuwa baridi na chenye jasho, na kila kipande alichokilaza kilisogea kidogo pembeni chenyewe, kama watu wanaompisha mkubwa wao apite. Alifanya yote bila kukwaruza. Kisha akanyoosha mkono kwenye kopo.

Pini. Skrubu. Springi mbovu. Akalimwaga lote mezani, akachambua kwa vidole, akachambua tena. Uzi mwekundu haukuwepo.

Afande hakuwa amekwenda msalani.

Ile mara ya kwanza ilimuuma, lakini ilikuwa na mlango. Mtu anaweza kusema aliogopa, alichanganyikiwa, hakufikiri. Hii ya pili haikuwa na mlango wala dirisha. Alikuwa amemkumbatia. Machozi ya mtu yule yalikuwa bado hayajakauka begani mwa shati lake, na mkono uliomshika mgongo ndio ule ulioingia kwenye kopo, ukachukua uhai wa mkewe, ukautia mfukoni. Taratibu alijiona amekuwa mtu wa kuchezewa tangu utotoni, akajichukia kwa kupenda, akasimama na nyundo mkononi, akaenda mlangoni.

Korido ilikuwa tupu. Kule mwisho, karibu na ngazi, Afande alikuwa akienda kwa haraka zake, kofia kwapani.

"Kaka!"

Taratibu aligandishwa na sauti yake mwenyewe. Ilitoka upande wa lifti, pana, changamfu, kama alivyokuwa akimwita walipokuwa watoto.

"Kaka, rudi! Umesahau kitu!"

Afande alisimama. Akageuka, na haya ndiyo ambayo Taratibu hajawahi kumsimulia mtu: uso wa kaka yake ulikuwa na furaha. Furaha ya kweli.

"Mdogo wangu! Umepata sauti?"

"Nimepata, kaka. Njoo uone."

Na Afande akaja, akiifuata ile sauti, asimwone Taratibu kule mlangoni, akicheka na kulia, akisema alhamdulillahi, akisema basi haina haja tena ya sindano, basi tumepona sote, akikiacha kizingiti cha fundi saa, akikiacha cha cherehani, akiingia kwenye giza ambalo halikuwepo, na Taratibu akiwa amesimama hatua chache tu kutoka kwenye bomba la ukutani, nyundo imeinuliwa, bega limekaza, akijua kwamba pigo moja linatosha, moja tu, mtu huyu ameambiwa akisikia chuma asimame, na huku kichwani mwake yakipita maneno, wewe huna mtoto, wewe huna mtoto, na mkono ule ambao haukuwahi kuvunja kitu ukabaki juu, ukabaki, kisha ukashuka taratibu ubavuni mwake.

Ubao haukulia. Kulikuwa na kimya, halafu kishindo kule chini.

"Kaka!" Taratibu alipiga kelele. "Kakaaa!"

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa imemrudia, nzima.

Askari waliandika kwamba marehemu aliteleza, wakamkaripia mwenye nyumba kuhusu ubao. Mfukoni mwa sare walikuta kipande cha sindano, wakamkabidhi Taratibu pamoja na saa na funguo. Alikipeleka kwa mshona magodoro. Mama yule alikitazama, hakukigusa.

"Ulikuwa wapi wewe?" akamuuliza.

"Karibu."

"Na ulikuwa na nini mkononi?"

Mama akarudi kwenye pamba yake. "Nenda na sindano yako," alisema. "Haina kazi tena."

Kadogo alihamia kwao. Hapakuwa na wa kumchukua mwingine. Alikuwa mtoto mkimya kwanza, kisha akaanza kuzungumza, kisha akaanza kumfuata Bibie jikoni akiuliza maswali. Jioni moja, kabla taa hazijawashwa, alikuwa amekaa sebuleni anachora. Bibie alikuwa anakunja nguo. Taratibu alikuwa anasoma gazeti, na harufu ilimfika puani kabla ya kitu kingine chochote.

Mlango ukagongwa.

"Kadogo," ikasema sauti ya Afande. "Kadogo wa baba. Njoo unifungulie."

Kalamu ilianguka. Bibie alishika shati lililokunjwa nusu, asipumue. Mtoto alikuwa ameinuka, uso wake umewaka wote, akamtazama Taratibu.

"Baba Mdogo! Mlisema Baba alianguka!"

Akavuta pumzi aitike. Taratibu alimrukia, akamkumbatia kwa nguvu, akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto alipigana naye. Alimpiga mateke, akamng'ata hadi damu, na Taratibu akazidi kukaza, akilia, akimnong'oneza usiitike mwanangu, usiitike, si yeye.

"Baba Mdogo wako anajua kama ni mimi," ikasema sauti kule nje. "Muulize alikuwa na nini mkononi."

Kadogo aliacha kupigana. Juu ya kiganja kile macho yake yalimgeukia Taratibu, makubwa, makavu, na kilichokuwemo ndani yake alikijua mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa nacho siku ile alipokaa juu ya pamba bila kuambiwa akae.

Hakuondoa mkono. Angeuondoa lini? Huko nje mlango uligongwa tena, kwa upole. Afande aliyekuwa na haraka maisha yake yote, sasa hakuwa na haraka.